Bwana Faili Alipogeuka Mkwe

Mimi si mtu wa kushangazwa. Nimeona mtu akiuziwa kiwanja ambacho ni barabara. Nimeona kaburi likiwekewa bango la "Hapauzwi", na bango lile niliandika mimi, kwa rangi nyekundu, na ujira wangu nikachukua. Shule niliachia darasa la tano. Nikaingia mtaani na brashi moja na kopo la rangi, na leo ukitoka Bunju kuja Bagamoyo huwezi kwenda mbali bila kusoma mkono wangu: mabucha, saluni, madrasa, gereji, mashine za kusaga. Vijana waliosomea sanaa wamekuja dukani kwangu kuniuliza herufi ya S naipindaje ikatulia vile. Kwa hiyo nikisema hakuna jambo chini ya jua linaloweza kunishangaza, sijisifu, natoa taarifa tu.

Basi taarifa hiyo niliitoa mpaka mwaka huu, mwanangu aliponiambia anataka kuoa na akanitajia binti wa nani.

Nianze na vibonzo, maana bila vibonzo pasingekuwa na kesi.

Nilinunua kiwanja Mapinga wakati Mapinga bado ni mikorosho na mihogo. Watu walinicheka. Leo hao hao wananipigia simu kuniomba niwamegee hatua mbili tatu. Kiwanja kilitaka karatasi, na karatasi ilikuwa inafuatiliwa kwenye ofisi moja ambayo sitaitaja, si kwa woga, ila kwa kuwa habari hii ni ya mtu, si ya jengo. Nikakaa kwenye benchi la ofisi ile mwaka na miezi miwili, kila Jumanne na Alhamisi. Benchi lenyewe lilikuwa limelala upande, kila anapoinuka mtu wa kushoto, sisi wa kulia wote tunateleza kidogo kidogo kama maboga kwenye toroli.

Karani wa masijala, kile chumba yanakokaa mafaili, alikuwa bwana mrefu mwenye shingo ndefu. Suruali kaipandisha karibu na kifua. Kalamu mbili, moja kila sikio. Kabla ya kufungua ukurasa analamba kidole. Ukimuuliza habari ya faili lako anakutazama kwa huruma ya kweli kabisa, kisha anasema: "Faili lako linatembea. Njoo kesho."

Siku moja nilikuwa na kalamu na nakala ya risiti. Nikaigeuza ile risiti nikachora faili lina miguu, limevaa kandambili, linakatiza koridoni na kuamkia watu. Mama mmoja aliyekaa ubavuni mwangu akachungulia, akacheka mpaka benchi zima likateleza. Nikajua nimeshika kitu. Mtu asiyesoma akishika kitu hakiachii, kwa sababu hajui kingine atakipata lini.

Hivyo akazaliwa Bwana Faili, yule karani mwenyewe na shingo yake, na kibonzo nikakiita *Njoo Kesho*. Mwanzo nilikibandika ukutani dukani kwangu, pale ninapopiga nakala na kuandika mabango. Watu wakawa wanakuja kupiga nakala ya cheti, wanaondoka na nakala ya kibonzo pia. Baadaye gazeti moja la Dar likakichukua, kila Ijumaa, picha nne. Siku hizi kinazunguka kwenye simu. Miaka kumi na miwili, sijaruka Ijumaa hata moja. Nimechora nikiwa na malaria, nimechora siku ya msiba wa mama yangu, nimechora mkono wa kulia umefungwa bandeji, kwa kushoto, na hakuna aliyegundua.

Watu huniuliza wahusika nawatoa wapi, wakidhani nitasema kichwani. Wahusika hawatoki kichwani. Kichwani unatoa mtu mwenye pua kubwa, basi, wiki ya tatu umekwisha. Mhusika wa miaka kumi na miwili anatakiwa awe na kitu kimoja anachokifanya kila mara, na kila mara kwa dhati. Bi Mhuri, kwa mfano, mhuri wake kauning'iniza shingoni kwa kamba, na anapiga chochote kinachopita mbele yake: barua, andazi, paji la uso la mtoto. Hafanyi mzaha. Anaamini. Bosi nilimtafuta miezi mitatu, nikamchora mnene, nikamchora mwembamba, nikamchora na miwani, hakunikubali. Mpaka nilipokumbuka kuwa mwaka ule mzima pale ofisini sikupata kumwona bosi, niliona koti lake tu, limevishwa kiti kuonyesha kuwa yupo. Basi nikachora koti. Wafanyakazi wanaingia, wanaliambia koti "Shikamoo mzee", wanatoka. Yule mama aliyecheka naye nikamtia, Mama wa Benchi, mwaka wa kwanza ana mtoto mgongoni. Kila mwaka nikawa namwongezea unywele mmoja mweupe. Yule mtoto sasa kafika kidato cha kwanza, bado wako kwenye benchi.

Lakini nguzo ilikuwa Bwana Faili. Ukimtoa, nyumba inakaa juu ya hewa.

Karani mwenyewe alikuja dukani mwaka wa pili. Nilikuwa na wateja wanne. Akasimama mbele ya ukuta, mikono nyuma, akasoma vyote, kimoja baada ya kingine, huku akilamba kidole na kuigusa karatasi kana kwamba ataifunua.

"Shikamoo, mzee," nikamwambia.

"Marahaba. Huyu shingo ndefu ni nani?"

"Mtu tu, mzee. Wa kubuni."

"Wa kubuni." Akageuka. Kalamu zote mbili zilikuwa masikioni. "Na hizi?"

Wateja wakatazama sakafu. Mmoja alikohoa.

"Wewe kabila gani?" akaniuliza.

"Mzaramo."

Akacheka, tena kicheko cha tumbo. "Una bahati, Mzaramo. Mimi Mnyamwezi, babu yangu alishuka hapa na mzigo wa watu kichwani. Ungekuwa kabila jingine leo ungelala ndani." Akanyoosha mkono, akanivua kofia yangu mpya, akaivaa. "Hii naichukua. Una la kusema?"

Nikamwachia. Asiyejua mambo ya pwani ataona ni wizi. Sisi na wao ni watani tangu enzi za misafara, na mtani ana ruhusa. Atakutukana mbele ya mkeo, atachukua kuku wako, siku ukifa atashuka alale kwenye shimo lako na hatoki mpaka apewe kitu. Na wewe vivyo hivyo kwake. Hakuna kununa. Kofia ile ilikuwa hati yangu. Kuanzia siku hiyo nilimchora bila breki, nikampandisha suruali mpaka kwapani, nikamrefusha shingo mpaka kichwa kikatoka nje ya picha. Tulikuwa tukikutana sokoni ananifokea, "Mzaramo mla chatu!" na mimi namjibu, "Mpagazi, mzigo umeuacha wapi?" Tunacheka, tunaachana. Alipostaafu, nikamwacha aendelee kazini kwenye kibonzo. Nilidhani namheshimu.

Sasa mwanangu. Ni fundi wa umeme wa magari, ana gereji yake Kerege, mtu mzima wa miaka ishirini na saba, mpole kuliko mimi. Akaja Ijumaa moja baada ya swala, akakaa mbele yangu na mama yake.

"Baba, nimepata mchumba."

"Alhamdulillahi. Wa wapi?"

"Hapa hapa mjini. Baba yake mzee mstaafu. Alikuwa masijala."

Mimi nilicheka. Mke wangu hakucheka. Alinitazama vile anavyotazama maziwa yanayotaka kufurika.

"Umemchora baba wa watu miaka kumi na miwili, leo unacheka?"

"Yule mtani wangu, mke wangu."

"Mtani wako. Haya."

Nikaandika barua ya posa kwa mkono wangu, herufi ambazo karani yeyote angezionea wivu, nikaitia kwenye bahasha pamoja na fedha ya posa, kama inavyofanywa. Washenga wangu wawili: kaka yangu mkubwa, na jirani yetu mwalimu mstaafu. Walikwenda asubuhi, wakarudi kabla ya adhuhuri na bahasha haijafunguliwa.

"Katupokea vizuri," alisema kaka. "Kahawa, kashata, maneno mazuri. Tulipoitoa bahasha akaitazama kama tumemwekea nyoka kwenye sinia. Akasema, mwambieni mdogo wenu mimi sipokei bahasha."

"Akacheka?"

"Hakucheka."

"Atakuwa kacheka moyoni. Utani huo."

"Mimi nilikuwa namtazama," alisema mwalimu. "Hakuna mahali alipocheka."

Na hapa ndipo nilipofanya kosa ambalo mke wangu hadi leo ananihesabia. Badala ya kukaa nikafikiri, nilikwenda mezani nikachora. Bwana Faili analetewa posa ya binti yake, anaitazama, anasema, "Posa yenu inatembea. Njooni kesho." Picha ya mwisho barua ya posa imevaa kanzu na kandambili, inapita koridoni. Wallahi kilikuwa kibonzo kizuri kuliko vyote vya miaka mitano. Kikatoka Ijumaa. Kila simu mjini ikakipata.

Jumamosi niliwatuma tena washenga, safari hii barua nimeifunga kwenye leso ya hariri, ili pasiwe na neno la bahasha. Waliwekwa barazani tangu alasiri. Hakuna kahawa. Ndani walimsikia binti analia na mama yake anambembeleza. Magharibi yule bwana akatoka, akalamba kidole, akaligusa fundo la leso, akasema, "Posa yenu inatembea. Njooni kesho." Wakaenda kesho yake. Akasema vile vile. Siku nne!

Siku ya nne kaka yangu alirudi akavua viatu mbele yangu, akanionyesha miguu ilivyovimba. "Mimi sirudi tena kule. Huyu mtu umemtengeneza mwenyewe, kamalizane naye mwenyewe."

Mwanangu alikuwa amesimama mlangoni. Hakupaza sauti. Angepaza ningepata nguvu ya kumjibu. Alisema, "Baba, sijawahi kukuomba kitu tangu uliponinunulia boksi la spana. Nakuomba sasa. Mfute yule mtu."

Baba wa mvulana hajipeleki mwenyewe kwenye posa. Hilo najua, sihitaji shule. Lakini nilikwenda. Nilimkuta kakaa kwenye kiti cha uzi uani, anapunga upepo kwa jalada tupu la faili.

"Shikamoo, mtani."

Akaendelea kupunga. Mtu anaweza kukunyima maji hapa pwani ukasamehe. Kunyimwa marahaba ni kuambiwa huonekani.

"Mtani gani?" akasema mwishowe.

"Mimi mtani wako. Mzaramo."

"Mtani wangu alikuwepo mpaka siku ile uliyoleta barua. Chagua, bwana. Ama unataka utani, ama unataka mke wa mwanao. Viwili hivyo havikai nyumba moja. Ukishapeleka posa kwa mtu, huyo ni mkweo. Nani umemsikia akimvua mkwewe suruali gazetini?"

"Suruali sijakuvua, nimeipandisha tu."

Nilidhani atacheka. Alipunga lile jalada mara tatu.

"Basi nimeacha," nikasema. "Kuanzia leo hutakuwemo tena."

"Mtoe kwanza nione. Halafu tutazungumza ya nyuma."

"Ya nyuma yapi?"

"Mtoe kwanza."

Sawa. Kumtoa mhusika ni kazi ya dakika kumi kwa mtu asiyejua kazi. Kumuua sikuweza, ningekuwa nimemwapiza mkwe. Kumstaafisha ingekuwa kumkejeli zaidi. Nikamhamisha kituo. Ijumaa iliyofuata Bwana Faili anapewa barua ya uhamisho kwenda kijiji cha Mkange, anapanda nyuma ya pikipiki na begi lake, shingo inapinda kwa upepo, kwaheri. Nikatoka hapo nimeridhika. Mimi, nikafikiri, nimetengeneza mmoja, nitashindwa kutengeneza mwingine?

Nikashindwa.

Nilianza na kijana wa kompyuta, ambaye kila ukimwendea anasema mtandao umekatika. Wiki tatu. Watu wakasema, hayo tunayaona kila siku, tucheke nini? Nikaleta mlinzi anayejiona ndiye mkuu wa idara. Mlinzi akawa kama kila mlinzi. Nikaleta msichana wa mafunzo anayeuliza maswali, huyu alikuwa na akili, akanishinda mwenyewe, sikujua la kumjibu. Nikaleta pacha wa Bwana Faili, aibu yangu, nikamchana kabla hajatoka. Nilikuwa nakaa mezani tangu asubuhi, naona karatasi inanitazama. Wateja wa mabango wakawa wanangoja. Bango la duka la dawa niliandika likakosa herufi, jambo ambalo halikuwa limenitokea tangu nianze kazi.

Na watu! Watu hawana adabu. Jumbe za sauti kutoka kwa watu nisiowajua: "Fundi, mrudishe shingo ndefu, sisi tulikukosea nini?" Bwana mmoja wa Mkange akanipigia kulalamika kuwa kila Ijumaa wanangoja Bwana Faili atokee kule kijijini kwao na hatokei, je Mkange ni jalala? Mhariri wa gazeti naye, kijana ningeweza kumzaa: "Mzee, wiki mbili nakupa. Au nafasi hiyo tunaweka tangazo la dawa ya meno."

Nilimkasirikia mhariri, nikawakasirikia watu wa Mkange, nikamkasirikia hata mwanangu kwa kupenda palepale. Nilipokwisha kuwamaliza wote nikabaki mimi. Nilikuwa nikijitapa kwamba Bwana Faili nimemuumba. Sikumuumba. Nilikaa kwenye benchi lake mwaka na miezi miwili nikimwangalia, basi. Kila neno alilosema kwenye picha alikuwa amelisema kwanza kwa mdomo wake. Hao wapya sikuwa nimekaa kwenye benchi la yeyote kati yao. Mimi siku hizi nina pesa kidogo, natuma watu wakanisubirie.

Baada ya Ijumaa sita bila shingo ndefu, yule bwana akaleta neno: wazee wakae. Tukaenda, mimi, kaka, mwalimu. Upande wao alikuwepo yeye, mdogo wake ambaye ni fundi cherehani, na shangazi mmoja aliyekaa karibu na mlango wa ndani. Juu ya meza palikuwa na faili. Nasema faili, si bunda la magazeti. Limetobolewa matundu, limefungwa kamba, kila kibonzo kimegundishwa kwenye karatasi yake na kupewa namba pembeni kwa wino mwekundu. Cha kwanza kabisa, nakala ya kile cha ukutani, namba moja. Mimi mwenyewe sina cha kwanza. Mchwa walikila.

"Mke wangu ndiye aliyekuwa akikata gazetini," alisema. "Mimi nilikuwa naandika namba. Tulikuwa tunacheka mpaka jirani anagonga ukuta."

Nikasema, "Ahsante."

"Subiri." Kati ya kurasa palichomoza vipande vya karatasi nyekundu. Akafungua penye cha kwanza. "Kwa hivi sikucheka."

Vilikuwa vile vya bahasha. Inabidi nieleze. Mwaka wa nne gazeti liliponichukua, mhariri wa wakati ule alisema wasomaji wanapenda karani apenyezewe kitu. Nikachora bahasha inapita chini ya meza. Watu walipiga simu kutoka mikoani. Nikachora tena. Ukikosa wazo, unachora bahasha, kazi imekwisha, kama kutia sukari kwenye chai mbovu. Vibonzo thelathini na kimoja, kwa hesabu ya yule bwana, na yeye hakosei hesabu.

"Sema mbele ya wazee," akaniambia. "Ulikaa kwenye benchi langu. Nilikuchukulia shilingi ngapi?"

Kaka alinitazama. Mwalimu alinitazama.

"Hata moja," nikasema.

"Sauti."

"Hata shilingi moja hukuchukua."

"Hata soda?"

"Hata soda."

Shangazi akavuta pumzi kwa nguvu. Yule bwana akafunga faili, akaweka mkono juu yake.

"Binti yangu huyu, akiwa sekondari, walimwita Bahasha. Jina hilo kalibeba miaka minne. Nyumba hii, upande wa uani ni mabati mpaka leo, nimestaafu sijaimaliza, na watu wakipita wanaulizana zile za bahasha kaficha wapi. Kuchelewesha nilichelewesha, nakubali, rafu zilikuwa mbili na mafaili elfu. Shingo ni yangu. Suruali ni yangu. Mkono huu unaopokea chini ya meza umeutoa wapi?"

Nimejibizana na madalali, na matapeli, na maofisa. Siku hiyo pia visingizio nilikuwa navyo. Nilitaka kusema ni gazeti, ni mhariri, ni wasomaji. Brashi ilikuwa ya nani? Nilisema, "Nimekukosea, mzee. Wewe na binti."

"Kukosa kuna faini yake," alisema yule mdogo wake fundi cherehani. Muda wote huo alikuwa, miwani puani, akifunua zile kurasa zenye karatasi nyekundu moja moja. "Na mimi nimeiona faini. Iko humu humu. Kaka, hebu tazama. Huyu bwana kila bahasha kaiandika kiasi juu yake. Elfu tano. Elfu ishirini. Kumi na tano. Watu wanamsifu kwa herufi, kweli zinasomeka."

Kaka yangu akaruka kitini. "Wazee wangu, hizo fedha za kuchora!"

"Na aibu ilikuwa ya kuchora?"

Kaka akakaa.

"Alizopokea Bwana Faili," fundi akaendelea, "aliyempokelesha azilipe kwa kaka, noti za kweli. Mahari ni mazungumzo mengine, siku nyingine."

"Ipo moja humo niliandika milioni," nikasema. "Ile ilikuwa mzaha, ilikuwa wiki ya sikukuu."

"Tumeiona," alisema shangazi toka mlangoni. "Na ya mia tano pia tumeiona."

Mwalimu aliombwa ajumlishe kwa kuwa ni wa upande wetu, tusije tukasema tumepunjwa. Alijumlisha kwenye simu mara mbili, akakunja uso, akajumlisha mara ya tatu kwa kalamu. Yule bwana hakutazama hesabu, alikuwa ananitazama mimi. Nikauliza, nikimaliza kulipa, Bwana Faili naweza kumrudisha kutoka Mkange? Mikono mitupu, naapa.

"Hapana," akasema. "Mkwe hachorwi."

Basi *Njoo Kesho* kimepunguzwa gazetini, kutoka picha nne hadi mbili, chini ya ratiba ya mpira, na bado natafuta mtu wa kukaa kwenye kiti cha Bwana Faili. Mwanangu ameposa, barua imefunguliwa, mkwe ameniitikia marahaba. Fedha nilizipeleka Jumamosi, juu ya sinia, wazi, noti zimelazwa moja moja ili kila aliyekuwepo azione, na akazihesabu mbele ya mashahidi: shilingi milioni moja, laki sita, themanini na saba elfu na mia tano.